Somo la Maadili Litauawa na Mtihani Kabla ya Kuuawa na Siasa

Tangu Januari 2024 watoto wa darasa la tatu Tanzania wanasoma somo ambalo kaka na dada zao hawakulikuta: Historia ya Tanzania na Maadili. Limeingia pia sekondari, ni la lazima, na linafundishwa kwa Kiswahili hata huko ambako masomo karibu yote ni ya Kiingereza. Mjadala juu yake uligawanyika mapema. Wapo wanaolipokea kama dawa ya mmomonyoko wa maadili, na tangu vurugu za uchaguzi wa Oktoba 2025 hoja kwamba vijana wamekosa uzalendo imewapa nguvu zaidi. Wapo wanaoona ni lile somo la Siasa la zamani limerudi kwa jina jipya. Nadhani kambi zote mbili zimekosea mahali pamoja. Zote zinaamini kwamba kinachoandikwa kitabuni ndicho mtoto atakachokuwa. Tofauti yao ni kwamba mmoja anafurahia na mwingine anaogopa. Msimamo wangu ni huu: kuweka historia na maadili katika somo moja ni uamuzi mzuri kuliko hata waliouamua wanavyoonekana kuutetea, lakini faida yake itapotea yote ikiwa tutalipima kwa maswali ya kukariri, na ikiwa shule zitaendelea kuendeshwa kinyume cha zinachofundisha.

Somo hili halikuzuka. Desemba 2020 Rais John Magufuli aliagiza historia ya Tanzania ifundishwe kama somo la lazima, na mapitio ya mitaala yaliyokamilika 2023, sambamba na toleo jipya la Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, yakaiunganisha historia hiyo na maadili. Kabla ya hapo tumekuwa na Siasa enzi za chama kimoja, kisha Uraia baada ya vyama vingi kurejea 1992, halafu Uraia na Maadili katika shule za msingi. Katikati tulikuwa hata na Haiba na Michezo, somo ambalo leo wengi hawalikumbuki. Kwa hiyo taifa hili halijawahi kukaa bila kufundisha maadili. Kila kizazi kimepewa somo lake, na kila kizazi kimelalamikiwa na waliokitangulia kwamba hakina maadili. Mtu anayesema tatizo letu ni kutokuwa na somo anapaswa kwanza kutueleza yale yaliyotangulia yalifanya nini.

Ushahidi mzito zaidi tunao wenyewe. Wanachama wa TANU walikuwa na ahadi walizozishika kwa moyo, na watu wazima wengi bado wanaweza kuzitamka bila kusita: "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa." "Cheo ni dhamana, sitakitumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Maneno hayo ni mazuri, na sidhani kama yupo atakayeandika bora zaidi. Lakini mwaka 1996 Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyoundwa na Rais Benjamin Mkapa kuchunguza kero ya rushwa, ilikuta rushwa imekita mizizi katika utumishi wa umma: polisi, mahakama, ardhi, afya, elimu. Waliokuwa wameshika ofisi hizo ni watu waliokulia kwenye ahadi hizo hizo. Hawakuzisahau. Kilichobadilika ni mazingira waliyofanyia kazi: mishahara iliyopoteza thamani, bidhaa zilizoadimika, na miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha la 1967 iliyokuwa inamkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha, ambayo Halmashauri Kuu ya CCM iliilegeza Zanzibar mwaka 1991. Ahadi zilibaki kichwani na taasisi zilizozibeba zikaondoka. Ninayasema haya bila kuwadharau walioziapa. Wengi waliishi nazo hadi mwisho, tena kwa gharama kubwa. Lakini hatuwezi kuitazama historia hiyo kisha tuamini kwamba orodha mpya ya tunu kwenye kitabu kipya italeta matokeo mengine.

Hata nje ya nchi jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi. Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1920, Hugh Hartshorne na Mark May waliwapima watoto karibu 11,000 kwa kuwapa nafasi za kudanganya: kwenye mtihani, kwenye michezo, kwenye kazi ya nyumbani. Walikuta kwamba kujua lililo jema hakukutabiri sana mwenendo, na kwamba mtoto yule yule aliyekuwa mwaminifu mahali fulani alidanganya kwingine. Kilichoamua zaidi ni hali yenyewe: kama udanganyifu ulikuwa rahisi, kama wenzake walikuwa wakifanya hivyo, kama mwalimu alikuwa mtu wa namna gani. Matokeo hayo yamebishaniwa, na ni haki yabishaniwe, kwa sababu tabia ya mtu ina uzito wake. Lakini kwa anayepanga mtaala fundisho lake ni zito. Mtoto anayejibu "uaminifu" kwenye karatasi ametupa habari ya kumbukumbu yake tu.

Kati ya hoja zinazotolewa dhidi ya somo hili, iliyo dhaifu kuliko zote ni ile isemayo maadili ni kazi ya nyumbani na nyumba za ibada, shule iachiwe Hisabati. Inasikika ya busara, na inatoka vinywani mwa watu wema. Kasoro yake ya kwanza ni kwamba shule haina namna ya kutofundisha maadili. Mwalimu anayechelewa kipindi kila siku amefundisha. Anayerudisha madaftari yamesahihishwa kwa uangalifu naye amefundisha. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi na haizungumzwi. Nyumbani tunafundishwa kuwatendea wema watu wetu: heshimu baba na mama, msaidie ndugu, usimwaibishe wa kwenu. Uraia unaanza pale mtu huyo huyo anapokutana na asiye wa kwao. Ofisa anayempa binamu yake nafasi ya kazi ambayo mwingine aliistahili hajakosa malezi. Mara nyingi amelelewa vizuri sana, na anachokifanya kwao kinaitwa kukumbuka ulikotoka. Asichofundishwa ni kwamba kuna meza ambazo ukizikalia, mgeni usiyemjua ana haki sawa na ndugu yako. Hilo mtoto hulijifunza mahali anapokaa na watoto wa watu wengine, wa dini nyingine na kabila jingine, chini ya kanuni moja. Kwa watoto wengi mahali hapo pa kwanza ni darasani.

Na kwa kuwa tumefika hapo, niseme linaloniumiza kuhusu namna tunavyozungumzia mmomonyoko wa maadili. Tazama malalamiko yanayopata nafasi: mavazi ya mabinti, nywele za vijana, nyimbo, simu. Fedha ya kisima cha kijiji ikiliwa, tunaita ubadhirifu na tunawaachia wakaguzi. Mhasibu aliyeila anaweza kusimama Jumapili au Ijumaa akiwa mtu wa heshima zake, na wala hatumwiti mtu aliyekosa maadili. Somo likijengwa juu ya mtazamo huo, litazaa watu wanaokagua sketi na kufumba macho mbele ya hundi.

Hoja ya kasumba ina uzito zaidi na sitaki kuipita haraka. Serikali inayoandika kitabu cha historia, ikachagua nani ni shujaa, kisha ikaita mtazamo huo maadili, ina nguvu ya hatari mkononi. Somo la Siasa lilifundisha mambo mengi ya thamani, lakini lilifundisha pia kwamba maswali fulani hayaulizwi. Anayeogopa hilo kurudi ana kumbukumbu, hana chuki. Ila dawa yake haiwezi kuwa kulifuta somo, maana kijana asiyefundishwa historia ya nchi yake darasani ataipata vipande vipande kwenye simu, kutoka kwa mtu asiyewajibika kwa lolote. Wajerumani, ambao walikuwa na sababu kubwa kuliko yetu ya kuogopa elimu ya uraia kugeuzwa propaganda, walikutana Beutelsbach mwaka 1976, waelimishaji wa mirengo iliyopingana, wakakubaliana mambo matatu. Mwalimu asimlemee mwanafunzi kwa maoni yake. Jambo linalobishaniwa katika jamii lifundishwe kama jambo linalobishaniwa. Na mwanafunzi awezeshwe kuichambua hali ya kisiasa na kuona yeye mwenyewe amesimama wapi. Kukubaliana huko hakukuwa sheria, lakini walimu wa huko wamekutegemea hadi leo. Mwalimu wetu wa shule ya kata hana kinga ya namna hiyo. Mwanafunzi akimuuliza swali la siasa ya leo, anafikiria kwanza ni nani atasikia jibu lake. Hapo ndipo kasumba inapozaliwa: kwenye ukimya wa mwalimu mwenye hofu, hata kama kitabu ni kizuri.

Sasa niseme kwa nini naupenda muungano huu wa historia na maadili. Maadili yakifundishwa yenyewe hugeuka orodha: uzalendo, uadilifu, uwajibikaji, upendo, amani. Hakuna anayepinga neno lolote hapo, na ndiyo maana orodha haimfundishi mtu kitu. Mtihani wa kweli wa maadili huja pale mema mawili yanapogongana na huwezi kuyashika yote. Historia imejaa saa za namna hiyo, zenye watu halisi na matokeo tunayoyajua. Chukua 22 Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba wahitimu watatumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo walipwe asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wa Chuo Kikuu wakaandamana hadi Ikulu Dar es Salaam wakiwa wamevaa majoho yao. Walisema wakubwa wanahubiri kujinyima huku wao wenyewe wananeemeka, na moja ya mabango yao lilisema hali ilikuwa afadhali wakati wa mkoloni. Nyerere aliwasikiliza, akawaka. Alikiri mbele yao kwamba mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, akatangaza kupunguza wake kwa asilimia 20. Kisha akawafukuza chuo, zaidi ya vijana mia tatu, wakarudishwa makwao. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha na miiko yake ya viongozi, na wengi wa waliofukuzwa wakaja kurejeshwa masomoni.

Liweke tukio hilo mbele ya kidato cha pili na uwaulize nani alikuwa sahihi. Wapo watakaosema wanafunzi walikuwa wabinafsi, kwa kuwa walisomeshwa kwa jasho la wakulima wasiokuwa na hata zahanati. Watakuwa na hoja. Wapo watakaosema wanafunzi walithubutu kumwambia rais ukweli ambao mawaziri wake hawakuusema, na kwamba mshahara uliopunguzwa unathibitisha walikuwa na la maana. Hao nao watakuwa na hoja. Mmoja atauliza: kama alikubali shutuma, kwa nini aliwafukuza walioileta? Mwingine atajibu kwamba bango lililosifu ukoloni, miaka mitano tu baada ya uhuru, lilikuwa tusi kwa waliopigania uhuru huo. Katika dakika 40 watoto hao watakuwa wamegusa wajibu, haki, usawa, uhuru wa kusema, mamlaka na mipaka yake, na kila mmoja atakuwa ameanza kugundua anachokithamini yeye. Hapo tunu binafsi na uraia zinakutana. Kijana hawezi kujua kama anathamini ukweli kuliko utulivu mpaka alazimike kuchagua kati ya viwili hivyo na kueleza sababu mbele ya wenzake watakaombishia.

Kuna pia Bibi Titi Mohamed, ambaye aliwaleta wanawake kwa maelfu TANU kabla ya uhuru, akatofautiana na Azimio la Arusha juu ya nyumba za kupangisha, akakamatwa 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini na kuachiwa 1972. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. Mtoto akiambiwa tu kwamba alikuwa shujaa, amepewa jina la kukariri. Akiambiwa yote, analazimika kufikiri juu ya utii, mali, haki katika mashitaka, na jinsi taifa linavyoweza kumhukumu mtu kisha likamheshimu. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ni vivyo hivyo: nia ya kuwafikishia watu shule na maji, na watu waliohamishwa kwa nguvu kutoka kwenye mashamba na makaburi ya wazee wao. Kufundisha hayo kwa ukweli hakumpunguzii mtoto uzalendo. Kijana anayeipenda nchi akiwa anayajua makosa yake hatatikisika siku atakapoyasikia kwa adui.

Lakini hata somo likifundishwa hivyo, mtoto atatoka kipindini na kurudi kwenye shule. Mwalimu anapotoka darasani, kiranja anabaki na karatasi ya kuandika majina ya wapiga kelele. Nani asiyeijua karatasi hiyo? Rafiki wa kiranja haandikwi. Aliyemnyima kiranja kalamu jana anaandikwa, tena na alama ya kuonyesha amerudia. Mwalimu akirudi, waliomo kwenye karatasi wanachapwa bila kuulizwa. Kwa dakika kumi hizo darasa zima limejifunza kwamba madaraka ni ya kuwalinda marafiki, kwamba tuhuma ni hukumu, na kwamba salama ya mtu ni kujipendekeza kwa mwenye karatasi. Na viboko hivyo navyo vina kanuni zake. Kanuni za 2002 zinasema visizidi vinne, mwenye mamlaka ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari maalumu. Binafsi ningependa viboko viondoke kabisa, lakini hilo ni mjadala wake. Ninachouliza hapa ni ni mtoto gani anajua kuwa kanuni hiyo ipo. Shule inayovunja sheria mbele ya mtoto kila wiki, kisha ikamfundisha kwamba raia mwema hutii sheria, imemfundisha kwamba sheria ni ya wadogo.

Kubadili hilo hakuhitaji bajeti kubwa. Aliyeandikwa apewe nafasi ya kujieleza kabla ya adhabu. Kiranja achaguliwe na darasa kwa kura ya siri na muda wake uwe na mwisho. Serikali ya wanafunzi iruhusiwe kuhoji jambo moja la kweli, kama zamu za usafi au ratiba ya maktaba, na ipewe majibu. Kanuni za adhabu zibandikwe ukutani. Mkuu wa shule akifanya hayo, somo litakuwa na mahali pa kukanyaga.

Ndipo tunafika kwenye mtihani, ambao naamini una nguvu kuliko kitabu na mwalimu. Fungua daftari la Uraia la mwanafunzi wa miaka iliyopita na utakuta sifa za raia mwema zimeorodheshwa kwa namba za Kirumi, tano au sita, kwa sababu swali litakuja "Taja sifa tano za raia mwema." Mwanafunzi anaweza kupata alama zote za swali hilo huku anaangalizia kwa jirani. Nyerere mwenyewe, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alionya kwamba mitihani hupima uwezo wa kukumbuka mambo na haipimi tabia wala utayari wa kutumikia. Onyo hilo linakaribia miaka 60 na bado tunauliza "taja". Mbaya zaidi, mtihani wenyewe umekuwa mahali pa kuvunjia maadili: Baraza la Mitihani limelazimika kufuta matokeo kwa udanganyifu, na katika baadhi ya matukio waliowasaidia watoto kudanganya ni watu wazima waliokabidhiwa kuwasimamia. Shinikizo la ufaulu lilishinda somo lolote walilokuwa wamelifundisha.

Wapo wanaosema basi somo hili lisitahiniwe kabisa. Niliwahi kuvutwa na wazo hilo, lakini walimu wana jibu ambalo sijaweza kulipinga: katika shule zetu somo lisilotahiniwa halifundishwi. Kipindi kipo kwenye ratiba, na ifikapo wiki ya pili kimegeuka cha Hisabati, na mwalimu mkuu anajua, na mzazi anashukuru. Haiba na Michezo haikuingia kwenye mtihani wa darasa la saba, na imepita bila kuacha alama. Kwa hiyo mtihani ubaki, ila ubadilike. Mpe mtoto wa darasa la sita kisa kifupi: Kiranja amemwona rafiki yake akiiba kitabu cha maktaba, na rafiki huyo ndiye aliyemsaidia mama yake alipougua. Afanye nini, na kwa nini? Atoe pia sababu moja ya mtu anayefikiri tofauti naye. Sentensi hiyo ya mwisho haikaririki. Haimpi alama kwa kuwa mwema, maana wema hauwezi kupimwa kwa karatasi. Inampa kwa kufikiri kwa haki kuhusu mtu asiyekubaliana naye. Kusahihisha majibu ya namna hiyo ni kazi, tena ya gharama kuliko kuhesabu alama za kuchagua A, B, C au D, na Taasisi ya Elimu na Baraza la Mitihani wanapaswa kuikubali gharama hiyo wazi.

Muda uliobaki ni mfupi. Watoto walioanza na mtaala mpya darasa la tatu 2024 watafanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027, pamoja na kundi la mwisho la darasa la saba, na wote wataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Mitihani ya wilaya, ya mikoa na ya moko itakayotangulia ndiyo itakayowaambia walimu somo hili ni la namna gani, na wakishajua hawatabadilika tena kwa urahisi, kwa sababu wanapimwa kwa ufaulu. Maswali ya mfano yawafikie sasa, yakiwa na mwongozo wa usahihishaji unaoonyesha majibu mawili yanayopingana, yote yamejengwa vizuri, yote yamepewa alama zote.